Maswali ya Wasomaji: Mechi ya Nyumbani, Uwanja wa Ng'ambo

Toleo lililopita tuliandika kuhusu mechi ya ligi ya Hispania kati ya Villarreal na Barcelona, iliyopangwa kuchezwa Miami, Marekani, tarehe 20 Desemba 2025, kisha ikafutwa miezi miwili kabla. Barua zimekuja nyingi, zaidi kutoka Tanga na vitongoji vyake, na wengi wenu mmeuliza mambo yaliyo mapana kuliko mechi hiyo moja. Hizi ndizo tulizozichagua.

Wahariri, salaam. Mbona Wamarekani wanapeleka mechi zao nje kila mwaka na hakuna anayepiga kelele, lakini Ulaya wakijaribu moja tu moto unawaka? Ni ukaidi wa mashabiki wao au kuna jambo?
*Msomaji, Ngamiani*

Kuna jambo, nalo limo kwenye ratiba.

Ligi ya Hispania ina timu 20. Kila timu inakutana na zile 19 mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 38. Haki ya ligi ya namna hii imekaa hapo: unayemfuata kwake, naye atakufuata kwako, na mwisho wa msimu hakuna wa kusema alipendelewa. Sasa Villarreal walipokubali kuipeleka Miami mechi yao ya nyumbani na Barcelona, Barcelona wangemaliza msimu bila kukanyaga uwanja wa Villarreal, huku Real Madrid na timu nyingine 17 zikienda pale kama kawaida. Real Madrid walipinga waziwazi, na katika hili walikuwa na hoja, hata kama si timu yako.

Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, haina usawa wa aina hiyo wa kuvunja. Ina timu 32 na kila moja inacheza mechi 17 tu za msimu wa kawaida, kwa hiyo hazikutani zote. Halafu 17 haigawanyiki kwa mbili: kila mwaka nusu ya timu zinapata mechi 9 za nyumbani na nusu nyingine 8. Zenye 9 ndizo kwa kawaida hutoa moja ikachezwe nje, zikabaki na 8 kama wenzao. Kabla ya 2021 msimu ulikuwa wa mechi 16, na timu iliyokwenda London kama mwenyeji ilibaki na 7 nyumbani. Malalamiko yalikuwapo wakati huo. Jacksonville Jaguars wao walijitolea tangu 2013 kucheza London karibu kila mwaka, na hadi leo wako mashabiki wao wa tiketi za msimu wasiolipenda jambo hilo.

Kwenye kikapu na besiboli hesabu ni nyepesi zaidi. Timu ya NBA ina mechi 41 za nyumbani, ya besiboli 81. Ukitoa moja, shabiki wa nyumbani hapungukiwi sana. Kwenye soka ya Ulaya unatoa moja katika 19, tena mara nyingi ile ambayo kila mtu aliisubiri, maana hakuna promota atakayelipia timu ndogo kama Getafe na Alavés waende Miami.

Waingereza walijaribu njia nyingine mwaka 2008. Mtendaji mkuu wa Ligi Kuu ya England, Richard Scudamore, alipendekeza mechi ya 39: raundi nzima ya nyongeza, mechi 10 katika miji mitano duniani. Hapo hakuna aliyenyang'anywa mechi ya nyumbani, lakini kila timu ingekutana na mmoja wa wapinzani wake mara tatu. Aliyepangiwa kibonde angecheka, aliyepangiwa bingwa angelia. Pendekezo halikufika mbali.

Je, hilo si sawa na Simba na Yanga walivyoletwa Mkwakwani kwenye Ngao ya Jamii? Mbona hatukusikia mtu kalalamika?
*Msomaji, Pongwe*

Si sawa, na tofauti yake ni rahisi kuiona: mechi ya Ngao haina mwenye nyumba. Agosti 2023 zilikuja timu nne. Yanga wakaifunga Azam 2-0, Simba wakaitoa Singida Fountain Gate kwa penalti, na fainali ya tarehe 13 ikaisha 0-0, Simba wakabeba Ngao kwa penalti 3-1. Hakuna shabiki wa Msimbazi wala wa Jangwani aliyekuwa ameshalipia mechi hiyo kama sehemu ya msimu wake wa nyumbani.

Mfumo huo wa timu nne ndio wanaoutumia Wahispania kwenye Kombe lao la Super tangu Januari 2020, nao karibu kila mwaka wamelichezea Saudi Arabia kwa mkataba wa fedha nyingi. Waitalia walitangulia zamani: Milan na Torino walicheza Washington mwaka 1993, na Juventus na Parma wakacheza Tripoli mwaka 2002. Kwa maoni yetu, kama ligi ya soka inataka kusafiri, isafirishe kombe la namna hii na iache mechi za pointi zilipo.

Hata hivyo, kutokuwa na mwenye nyumba si kinga ya kila kitu. Tarehe 29 Desemba 2023 Galatasaray na Fenerbahçe walikuwa tayari Riyadh kwa Super Cup ya Uturuki, mechi ikafutwa siku hiyohiyo kwa sababu timu zilitaka kupasha misuli na fulana zenye picha ya Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya leo, na wenyeji hawakukubali. Mambo kama fulana, mabango, wimbo wa taifa na dakika ya ukimya yanatakiwa kuandikwa kwenye mkataba kabla ndege haijaruka.

Nani hasa anatoa ruhusa ya mechi kuchezwa nchi nyingine? Na ile ya Miami ilikwamia wapi?
*Msomaji, Chumbageni*

Milango ni mitano. Shirikisho la nchi ya ligi, shirikisho la nchi itakayopokea mechi, shirikisho la bara la kwanza, shirikisho la bara la pili, kisha FIFA. Kwa mechi ya Miami: Hispania, Marekani, UEFA ya Ulaya, CONCACAF ya Amerika ya Kaskazini, kisha FIFA ya dunia. Mmoja akikataa, safari imekufa.

Mwaka 2018 ligi hiyohiyo ilitaka Girona na Barcelona wacheze Miami Januari 2019. Shirikisho la Hispania lilikataa, Baraza la FIFA nalo likasema mechi za ligi zichezwe nchini kwake, na Desemba Barcelona wakajitoa. Promota, kampuni ya Relevent, akaenda mahakamani Marekani kudai kwamba katazo hilo linaua ushindani wa biashara. FIFA ikamalizana naye mwaka 2024 na kuunda kikundi cha kuzitazama upya kanuni. Ndiyo maana UEFA ilipoletewa ombi la Miami, na la Milan na Como kucheza Perth, Australia, ilikubali Oktoba 2025 huku ikisema wazi kuwa haipendi; kanuni za FIFA hazikuwa na maneno ya kutosha ya kukatalia.

Kwa hiyo mechi ya Miami haikufia kwenye makaratasi. Wikiendi ya tarehe 17 hadi 20 Oktoba wachezaji wa ligi ya Hispania walisimama wima sekunde 15 baada ya filimbi ya kwanza, bila kugusa mpira, wakidai hawakushirikishwa. Runinga ikaonyesha picha za nje ya uwanja ili watazamaji wasione. Tarehe 21, Villarreal wakiwa uwanjani na Manchester City kwenye Ligi ya Mabingwa, tangazo la kufutwa likatoka. Promota alikuwa amebakiwa na wiki nane za kuuza tiketi za uwanja mkubwa, na hakuna mwenye akili anayefungua mauzo ya mechi ambayo huenda wachezaji wakaigomea.

Ile ya Perth ilikuwa na sababu yake: uwanja wa Milan, San Siro, ulitakiwa kwa ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi Februari 2026. Nayo ikafutwa Desemba 2025.

Mimi nina banda la kuonyesha mpira. Mechi hizi za nje zinanichanganya saa, mara mbili nimeandika ubaoni saa isiyo sahihi, wateja wakanifokea. Nifanyeje?
*Msomaji, Makorora*

Usizihesabu kwa saa za nchi ya ligi. Zihesabu kwa saa za mji mechi inapochezwa, kisha geuza.

Jeddah na Riyadh saa zao ni sawa na zetu. Mechi ya huko ikipangwa saa 4 usiku, ni saa 4 usiku hapa. Inawekwa usiku hivyo kwa sababu Hispania inakuwa saa 2. London sisi tumewatangulia saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Mechi za NFL za London huanza saa 8:30 mchana kwao, hivyo mwanzoni mwa Oktoba zinakuangukia saa 10:30 jioni, na wakisharudisha saa nyuma, 11:30. New York na Miami tumewatangulia saa 7 kiangazi, saa 8 baridi. Tokyo na Seoul wao wametutangulia saa 6. Hong Kong na Perth saa 5.

Kosa linalowakuta wengi ni la siku, si la saa. Mechi ya kirafiki ya Julai inayoanza saa 1:30 usiku wa Jumamosi New York, kwetu ni saa 8:30 usiku, na tayari ni Jumapili. Ukiandika "Jumamosi saa 8:30 usiku" nusu ya wateja watakuja usiku usio wenyewe. Andika "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili".

Jambo la pili: mechi za kirafiki haziko kwenye haki za ligi. King'amuzi kinachokuonyeshea Ligi Kuu ya England msimu mzima kinaweza kisiwe na hata mechi moja ya ziara ya Asia. Thibitisha siku tatu kabla, usingoje saa ya mechi. Baadhi ya klabu huzirusha wenyewe kwenye intaneti kwa malipo; picha safi inakula takriban GB 3 kwa saa, kwa hiyo mechi nzima na mapumziko hesabu GB 6. Na ukumbuke kifurushi cha nyumbani hakikupi ruhusa ya kutoza kiingilio.

Ukijiuliza kwa nini NFL wanaanza mapema hivyo London, jibu ni kwamba saa 8:30 mchana ya London ni asubuhi ya Jumapili Marekani, saa ambayo ligi haikuwa na kitu cha kuuza kwa runinga. Mechi inamtafuta shabiki mpya Uingereza na papo hapo inamuuza wa zamani kwa saa nyingine.

Kwa nini viwanja vinawasumbua watu wenye fedha kiasi hicho?
*Msomaji, Mikanjuni*

Kwa sababu fedha haioteshi nyasi kwa siku sita. Novemba 2018 NFL ilikuwa ipeleke Rams na Chiefs kwenye uwanja wa Azteca, Mexico City. Nyasi zilikuwa mpya, zikanyeshewa, zikachezewa mechi, zikakanyagwa kwenye tamasha la muziki. Wakaguzi wakaziona zinang'oka, na siku sita kabla mechi ikarudishwa Los Angeles. Septemba 2024 huko São Paulo, Brazil, mechi ya NFL ilichezwa, lakini wachezaji waliteleza usiku kucha wakibadilisha viatu.

Vipimo navyo ni tatizo. Uwanja wa soka wa kawaida ni mita 105 kwa 68. Wa NFL, pamoja na maeneo ya kufungia kila upande, unakaribia mita 110 kwa urefu na 49 kwa upana. Kwa hiyo uwanja wa soka unatosha kwa upana lakini haufiki kwa urefu, na mchezaji anayekimbia kasi kuelekea mwisho anakutana na ukuta wa jukwaa. Tottenham walipojenga uwanja wao mpya uliofunguliwa 2019 walilimaliza tatizo mapema: nyasi asilia za soka zimelala juu ya trei tatu kubwa zinazosukumwa chini ya jukwaa la kusini, na chini yake kuna nyasi bandia za NFL.

Kikapu hubeba sakafu yake, lakini nacho kina yake. Desemba 2013 mechi ya Spurs na Timberwolves Mexico City iliahirishwa kabla ya kuanza kwa sababu jenereta iliharibika na ukumbi ukajaa moshi.

Hapa kwetu hili mnalijua. Mei 2025 Simba walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, mechi ya marudiano iliondolewa Benjamin Mkapa ikaenda New Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya uwanja.

Ikija timu kubwa Dar na nikakata tiketi kwa ajili ya mchezaji fulani, halafu asicheze, nina haki gani?
*Msomaji, Muheza*

Haki yako ni ile iliyoandikwa kwenye masharti ya tiketi, na masharti mengi yanakuahidi mechi, hayakuahidi mtu. Februari 2024 Inter Miami walicheza Hong Kong na Lionel Messi hakutoka benchi. Mkataba ulitaka acheze angalau dakika 45, isipokuwa asiwe fiti, na hapo kwenye "isipokuwa" ndipo Inter Miami walipopenyea. Siku tatu baadaye aliingia uwanjani Tokyo. Waandaaji waliishia kurudisha nusu ya bei kwa presha ya serikali na mashabiki. Juventus walifanya hivyohivyo Seoul Julai 2019: walichelewa kwa karibu saa nzima na Cristiano Ronaldo hakucheza.

Kabla ya kulipa, tazama mambo matatu: timu imecheza lini mara ya mwisho na inacheza lini tena (siku mbili katikati, wakubwa watapumzishwa), tangazo linasema "kikosi cha kwanza" au jina la klabu tu, na nani anarudisha fedha mechi ikifutwa, promota au aliyekuuzia. Everton walipokuja Dar Julai 2017 kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney alicheza na akafunga. Sevilla Mei 2019 waliwafunga Simba 5-4, mechi yenye mabao 9 kwa kiingilio kimoja. Si kila ziara ni ulaghai.

Afrika tutaletewa lini mechi ya kweli?
*Msomaji, Bagamoyo*

Ya msimu wa kawaida wa ligi kubwa, bado. Ufaransa ilileta Super Cup yake Tunis 2010 na Libreville 2013. NBA ilicheza mechi ya maonyesho Johannesburg 2015, kisha ikaja na njia nyingine, ligi ya kikapu ya Afrika iliyoanza Kigali 2021. NFL imefungua kambi za vijana Accra na Nairobi. Ukitazama mwenendo huo, wanatafuta wachezaji kwetu kabla ya kutafuta wateja.

Sisi ni timu ya daraja la chini hapa Tanga. Tunataka kualika timu kutoka Mombasa tucheze Mkwakwani, tutoze kiingilio. Tuanzie wapi?
*Katibu wa timu, Tanga*

Anzeni wiki sita kabla, na anzeni na karatasi. Mechi ya klabu za nchi mbili ni ya kimataifa hata ikiwa ya kirafiki. Ninyi mnaandika barua kwa chama cha mpira cha wilaya, inapanda mkoa, inafika TFF. Wenzenu wanaomba kwa shirikisho la Kenya. Mashirikisho yakishakubaliana ndipo mnachapisha tangazo, si kabla. Waamuzi wanapangwa na chama, msijitafutie wenyewe. Nakala za ruhusa mpeni afisa michezo wa jiji na polisi, na mkubaliane nao idadi ya askari.

Mpakani Horohoro huduma za nchi zote mbili ziko kituo kimoja, lakini kituo kimoja hakimwokoi asiye na hati. Wageni wawe na pasi au hati ya muda, na kadi ya homa ya manjano. Mchezaji mmoja asiye nayo anausimamisha msafara mzima, tuseme wa watu 26. Basi lao liwe na bima ya magari yanayovuka mpaka, iitwayo kadi ya njano ya COMESA. Hapo ndipo safari nyingi hukwama: hati za watu zimetimia, za gari hazijatimia.

Bajeti sasa. Tuseme wanafika Jumamosi mchana, mechi Jumapili, wanaondoka Jumatatu asubuhi baada ya chai. Hiyo ni milo 6 kwa watu 26, sahani 156. Kwa sh. 4,000 sahani ni sh. 624,000. Vyumba 13 vya watu wawili kwa usiku 2, sh. 30,000 kila kimoja, ni sh. 780,000. Jumla sh. 1,404,000 kabla ya mafuta ya basi, uwanja, waamuzi, gari la wagonjwa, na maji. Wakija watu 800 kwa sh. 3,000 mnapata sh. 2,400,000. Kinachobaki, sh. 996,000, ndicho kibebe hayo yote, na kodi na makato ya mlangoni ambayo mnapaswa kuyauliza chama cha mkoa mapema. Mkipata watu 500, mmeshaingia kwenye deni. Kwa hiyo tafuteni mfadhili wa chakula au malazi kwanza, kiingilio kiwe nyongeza.

Tarehe ndiyo itakayowaua au kuwaokoa. Epukeni masika, Machi hadi Mei. Epukeni siku ambayo Coastal Union au African Sports wanautumia uwanja. Na msipange saa 10 jioni ya siku ambayo Simba au Yanga wako kwenye runinga. Ratiba ya Bodi ya Ligi hubadilika, hivyo wekeni tarehe ya pili kwenye barua ileile ya maombi, mwandike pia nani anabeba gharama ya basi iwapo mtahamia tarehe hiyo.